Utamaduni na urahisi wa kutumia tovuti za lugha nyingi

Tovuti ya lugha nyingi humwachia msomaji achague lugha, kama zinavyofanya tovuti nyingi za serikali ya Tanzania zenye kitufe cha Kiswahili na Kiingereza. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta wilayani Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, mtumiaji huweza kuelewa kila neno na bado akakwama, kwa sababu fomu anayoijaza ilibuniwa kwa desturi za kwingine.

Mfano mzito ni saa. Waswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo, hivyo 08:00 ni saa mbili asubuhi. Tovuti ya tiketi ikiandika “saa 8 asubuhi” imetaja wakati ambao hakuna mtu anayeutamka. Namba ikikaa peke yake hatari huzidi: 11:00 yaweza kusomwa saa tano asubuhi au saa kumi na moja alfajiri, na abiria wa basi la mkoani hawezi kubahatisha. Dawa yake ni rahisi, kuandika zote mbili: saa 2 asubuhi (08:00). Inasikitisha kuona ni wachache wanaofanya hivyo.

Anwani nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi anwani ya barua ilikuwa sanduku la posta, mara nyingi la mwajiri au la shule, na mgeni alielekezwa kwa kituo cha daladala, msikiti, duka au jina la mwenye nyumba. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, mwaka wa Sensa, ilileta namba za nyumba na vibao vya barabara. Hata hivyo bodaboda anayepeleka mzigo Mbagala bado hupiga simu, naye huambiwa apite kituo cha Rangi Tatu kisha aulizie. Fomu inayolazimisha msimbo wa posta lakini haina nafasi ya alama ya jirani huwafungia nje wateja halali.

Majina husumbua vilevile: familia nyingi za pwani humwita mtoto kwa jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo kisanduku cha “jina la ukoo” hujazwa kwa kukisia. Malipo yakidai kadi ya benki pekee, huwatupa watu waliozoea kulipa kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008.

Wabunifu wengi huegemea vipimo vya utamaduni vya mtafiti Geert Hofstede, vilivyotokana na majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM. Katika kitabu chake cha 1991, Afrika Mashariki ni fungu moja lenye Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Kipimo kipana hivyo hakiwezi kueleza fomu ya Chamazi. Majaribio yafanyike na wakazi wenyewe, kwenye simu zao na kwa bando walilonunua wao.