Mlango Unaofunguka Kuelekea Nje

Kuna kitabu ambacho hakuna mtu atakuja kukihakiki kwenye kurasa kama hizi. Hakina mhusika mkuu, na lugha yake ni ya ofisini, kavu kama biskuti za duka la shule. Ni mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008. Niliufungua kikazi tu, natafuta sentensi moja ya kuweka kwenye habari. Nikajikuta nausoma kama kitabu cha historia.

Sehemu ya mabweni, kwa maneno yangu, inasema hivi. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Njia ya kupita isipungue mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5, ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wamo ndani. Bweni liwe na mlango kila upande, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo.

Ukisoma haraka utaona ni mambo ya fundi. Sasa rudia polepole ile ya kutofunga mlango kutoka nje watoto wakiwa ndani. Hivi kweli kuna mtu hukaa mezani akaandika katazo kama hilo kwa kulibuni tu? Katazo hilo liliandikwa kwa sababu mlango ulishafungwa, na watoto walikuwa ndani.

Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, pwani ya Kenya, bweni liliungua usiku na wasichana 26 wakafa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Machi 2001, huko Kyanguli, Machakos, moto wa petroli uliteketeza bweni la wavulana, wakafa 67. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha nayo yalikuwa na vyuma. Wengi walizikwa katika kaburi la pamoja palepale shuleni. Miaka saba baadaye ndipo ukaja mwongozo. Kwa hiyo kila mstari wake una usiku wake, ila majina hayakuandikwa.

Hili si la kwetu peke yetu. Tarehe 16 Juni 1883, mjini Sunderland, Uingereza, watoto walikuwa wakitazama maonyesho katika ukumbi wa Victoria Hall. Mwishoni ikatangazwa kwamba kuna zawadi. Waliokuwa ghorofani wakashuka ngazi mbio, wakakuta mlango wa chini unafunguka kuelekea ndani, tena umebanwa kwa komeo, umeachwa upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Walikufa 183, na hakukuwa na moto hata cheche. Kutokana na msiba ule sheria za Uingereza zilibadilika kuhusu milango ya kumbi, na mwaka 1892 ikapewa hataza komeo ya aina mpya: unausukuma tu mlango kwa kifua, nao unafunguka. Ile fito ya chuma unayoiona leo kwenye milango ya dharura ya sinema na maduka makubwa ni ukoo wake.

Kwa hiyo elimu ya mlango ina zaidi ya miaka mia moja. Mbona basi kufuli zinarudi?

Hapa ndipo historia inapokataa kuwa nyepesi. Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito, Meru, wavulana waliwavamia wasichana usiku. Wasichana walikimbilia bweni moja na kujifungia humo. Wavulana wakavunja na kuingia. Wasichana 19 walikufa, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa, na makumi walibakwa. Mzazi aliyeisoma habari ile angetaka nini kwenye bweni la binti yake? Angetaka kufuli. Angetaka nondo nene kama mkono. Ningekuwa mimi, ningechanga pesa ya nondo.

Ndiyo maana nashindwa kuwacheka matroni na wakuu wa shule. Kufuli haikuwekwa na adui. Iliwekwa na mtu anayeogopa mwizi, anayeogopa mvulana wa jirani, anayeogopa mwanafunzi kutoroka kwenda disko halafu mzazi aje kuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Hofu hizo zipo kila siku, wakati moto huja mara moja. Binadamu hujikinga na kile anachokiona kila siku. Lakini hata St. Kizito, ukiangalia vizuri, waliohitaji mlango wa pili walikuwa ni wale wasichana waliobanana ndani.

Waswahili tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye mabweni yetu tuliziba kila ufa, tukasahau kuacha pa kutokea.

Nami nimelala kwenye bweni la namna hiyo, miaka minne, katika shule ambayo sitaitaja. Saa nne usiku taa zinazimwa, halafu unasikia mnyororo na kufuli: klak. Tulikuwa tunaichukulia kama kengele ya kulala. Karibu na mitihani tulisoma kwa mishumaa chini ya shuka, vijana wenye akili timamu kabisa, magodoro ya sponji, matranka yamejaa njiani. Hatukuwahi kufanya zoezi la kujiokoa hata mara moja. Tulijua kupanga mstari wa chakula gizani bila kugombana, lakini wa kutoka hatukuufundishwa.

Nilikuja kushtuka baadaye sana. Agosti 2009, shule ya sekondari Idodi, Iringa, bweni liliungua, wasichana 12 wakafa. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa mtu aliyekuwa akisoma. Nilisoma habari ile nikahisi godoro langu la zamani. Na kabla ya hapo ilikuwa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40. Baadaye Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, wavulana 10. Na Kenya, yenye mwongozo ule mzuri, ikapoteza watoto 21 Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, katika bweni lililolaza zaidi ya 150. Hii ilikuwa miaka 16 baada ya maandishi.

Kanuni iliyo kabatini haina mkono wa kusukuma mlango. Kinachouzoeza mkono ni zoezi: kengele inapigwa bila taarifa, tena usiku, watoto wanatoka, wanakusanyika uwanjani, wanahesabiwa, mtu anatazama saa. Hakuna gharama hapo zaidi ya usingizi wa nusu saa. Ulinzi dhidi ya wavamizi nao una njia zake: uzio, taa, mlinzi macho, na mlango unaofungwa kwa ndani na kufunguliwa bila ufunguo.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu siku ya kutembelea wanafunzi. Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Alituonyesha kitanda chake, akaonyesha rafiki zake, akala chipsi zote. Mwisho wa bweni nikaona mlango wa pili, umepakwa rangi nyekundu, umeandikwa KUTOKEA. Nikaujaribu.

"Anko, huo huwa haufunguki," akaniambia. "Ufunguo anao matroni."

"Na matroni analala wapi?"

Akanionyesha kupitia nondo za dirisha nyumba moja ng'ambo ya uwanja wa mpira.

Dada aliacha kufunga vyombo. Tulimtafuta mkuu wa shule, tukamwamkia, tukakaa. Hatukwenda kugombana. Tuliuliza mambo mawili tu: ule mlango, na lini watoto walifanya zoezi la mwisho. Alituahidi kulifanyia kazi. Siku ya kutembelea ijayo ni mwezi wa kumi, nami nitaanzia kwenye mlango ule, kabla hata ya kumwuliza mpwa wangu amekuwa wa ngapi darasani.