Kupima Umilisi kwa Msamiati: Historia Fupi ya Maswali ya Maneno na Pwani ya Mtwara

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alichapisha Zanzibar mkusanyo wa maneno na sarufi ya Kimakonde. Kazi za aina hiyo hujengwa juu ya swali moja linalorudiwa: kitu hiki mnakiitaje? Swali hilo hupima lugha, si mtu. Msemaji akikosa jina la samaki fulani, mkusanyaji humgeukia jirani yake.

Katika karne ya 20 swali la neno lilipewa kazi nyingine. Huko Marekani, Lewis Terman aliweka katika kipimo chake cha akili cha mwaka 1916 orodha ya maneno 100, na mtahiniwa alitakiwa kuyafafanua kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1959 kikatoka kipimo cha Peabody, ambamo mtoto husikia neno na kuonyesha picha moja kati ya nne. Vipimo hivi viwili huitwa vya msamiati, lakini havipimi jambo lile lile. Cha kwanza hudai ufafanuzi, cha pili utambuzi tu. Mtoto anayelijua neno lakini hana mazoea ya kufafanua huonekana dhaifu katika kimoja na hodari katika kingine.

Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967, na mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani. Katika mtihani wa Darasa la Saba, maswali ya visawe, vinyume, methali na ufahamu yakawa sehemu ya mizani ya kuwachagua wanaoendelea na sekondari. Tangu hapo, kukosa neno kuliweza kumfungia mtoto mlango.

Hapa ndipo hali ya Mtwara inapodai kuzingatiwa. Watoto wengi wa Mtawanya, Msimbati na vijiji vya jirani hukua wakisikia Kimakonde au Kimakwe, na Kiswahili chao ni cha pwani ya kusini. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928. Mtoto anayetofautisha korosho na bibo, na anayejua namna ya kuchimba na kupika ming'oko, ana msamiati mpana wa mazingira yake. Akiulizwa kisawe cha neno ambalo hukutwa vitabuni tu, kinachopimwa kwanza ni iwapo kitabu kilimfikia.

Aina ya swali huongeza au hupunguza dosari hiyo. Kisawe kinachoulizwa peke yake hakimpi mtahiniwa pa kushika. Neno likiwekwa ndani ya sentensi, muktadha humsaidia kukisia maana, na ukisiaji huo wenyewe ni sehemu ya umilisi. Kukamilisha methali hupima kumbukumbu, ilhali kuchagua tukio linaloafikiana na methali hupima uelewa. Aidha, swali lenye machaguo matano humpa mbahatishaji nafasi moja kati ya tano.

Jadi ya vitendawili ina utaratibu wake. Anayeshindwa hutoa mji, kisha hupewa jibu. Kwa hiyo kushindwa humalizikia katika kujifunza. Utafiti wa Robert Sternberg na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu watoto wa shule wa eneo la Bagamoyo, ulikaribia mantiki hiyo. Watoto walipimwa, wakafundishwa kwa muda mfupi, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na zile za baadaye zilibashiri uwezo wao katika vipimo vingine vizuri kuliko za mwanzo.

Historia hii haithibitishi kwamba maswali ya msamiati hayafai. Inathibitisha kwamba alama ya msamiati haisomeki bila kujua swali lilivyoulizwa na neno lilitoka wapi. Mtihani unaochanganya neno katika muktadha, ufafanuzi na matumizi humtendea haki zaidi mtoto wa Ruvuma, na humweleza mwalimu kama mwanafunzi amekosa neno au amekosa lugha.