Schadenfreude

Schadenfreude ni nomino ya Kijerumani yenye maana ya furaha impatayo mtu aonapo mwenzake kapatwa na baya. Imeundwa kwa maneno mawili: Schaden, "hasara" au "madhara", na Freude, "furaha". Herufi n ya katikati si kiunganishi; ni ya Schaden lenyewe. Jirani aliyeringia viatu vipya anateleza topeni, nawe unamwonea huruma huku umegeuka pembeni kuficha kicheko: ndiyo hiyo. Hisia ni kongwe kuliko neno, kwani Aristotle aliitaja kwa Kigiriki, epichairekakia. Katika karne ya 19 mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer aliiita ya kishetani, ukali uliozidi kidogo. Waholanzi husema leedvermaak; Waingereza wamelichukua la Kijerumani lilivyo.