Benchi la Wachezaji Watano

Katika viwanja vya mchangani vya Shinyanga tulikocheza utotoni, mchezaji wa akiba hakusubiri ruhusa ya mwamuzi peke yake. Alisubiri viatu pia. Timu nzima ilikuwa na jozi kumi na moja, nyingine zimeshonwa kwa waya. Aliyetolewa alikaa chini pembeni ya mstari, akavua, akamkabidhi mwenzake viatu vikiwa bado na joto. Kama mguu wa anayeingia ulikuwa mkubwa kuliko kiatu, basi mabadiliko hayakufanyika, hata kama anayetoka anachechemea. Sheria ilituruhusu, lakini viatu vilikataa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya ubishi usiokwisha vijiweni. Wako wanaosema wachezaji watano wa akiba katika mechi moja ni wengi mno, turudi kwa watatu. Wako wanaotaka waongezwe. Na wako wazee wachache wanaosema kandanda ya kweli ni ya watu kumi na mmoja, na mchezaji wa akiba angefutwa kabisa. Leo nataka tuupime ubishi huo kwa historia, kisha niseme upande wangu.

Sheria za kandanda ziliandikwa Uingereza mwaka 1863, na kwa muda mrefu sana mashindano makubwa hayakumjua mchezaji wa akiba. Ligi ya Uingereza ilimruhusu mmoja tu katika msimu wa 1965-66, tena kwa ajili ya aliyeumia. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 hakukuwa na hata mmoja. Ndiyo maana Pelé, alipopigwa mateke na mabeki wa Ureno, alibaki uwanjani akichechemea huku Brazili ikifungwa mabao 3-1 na kutolewa. Wachezaji wa akiba waliingia katika Kombe la Dunia mwaka 1970 huko Mexico, wawili kwa kila timu. Hata hao hawakutosha. Katika nusu fainali kati ya Italia na Ujerumani Magharibi, Franz Beckenbauer aliteguka bega wakati timu yake imekwisha kuwatumia wote wawili. Alicheza hadi mwisho mkono ukiwa umefungwa kifuani kwa bendeji.

Picha ile wengi huisifu kama ya ushujaa. Mimi kila nikiitazama naona mtu aliyestahili kuwa hospitali. Kwa hiyo nawaheshimu wazee wanaotaka mchezaji wa akiba afutwe, lakini sikubaliani nao.

Katikati ya miaka ya 1990 idadi ikafika watatu, ikatulia hapo kwa robo karne. Kisha ikaja korona. Mwezi Mei 2020 wenye sheria za mchezo waliruhusu wachezaji watano kwa muda, kwa hoja kwamba mechi zingebanana na miili ingechoka. Mwezi Juni 2022 ruhusa ya muda ikawa sheria ya kudumu. Ligi yetu nayo ikaingia katika utaratibu huo.

Hapa ndipo penye jambo. Uingereza yenyewe, klabu za Ligi Kuu zilipoulizwa kama ziendelee na watano, kura hazikutosha. Waliopinga wengi walikuwa klabu ndogo, nao walikuwa na hoja: tajiri akiruhusiwa kubadili nusu ya wachezaji wake wa ndani, anaingiza wengine wenye thamani ile ile, wakati maskini anaingiza mtoto asiyejua pa kusimama. Wakarudi kwa watatu kwa misimu miwili, hadi 2022-23 walipokubali.

Wamarekani nao walikuwa na ubishi wa namna hii katika mchezo wao wa besiboli. Kule mchezaji anayerusha mpira kwa kawaida si hodari wa kuupiga, lakini zamu yake ya kupiga ikifika alipaswa kupiga kama wenzake. Mwaka 1973 moja ya ligi zao mbili kubwa iliweka mpigaji maalumu wa kupiga badala ya mrushaji, bila kulinda uwanja. Ligi ya pili ilikataa, ikisema mchezaji kamili hufanya kazi zote. Walibishana miaka 49. Kwa miaka mingi, fainali yenyewe ilichezwa kwa sheria ya mwenye uwanja! Mwaka 2022 ligi ya pili nayo ikakubali. Wote walizungumza juu ya heshima ya mchezo, lakini mwaka 1973 jambo kubwa lililoisukuma ligi ile lilikuwa mapato ya mlangoni: ilitaka mipira mingi ipigwe ili watu warudi viwanjani.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu unatufundisha kuuliza swali linalofaa. Sheria ya mchezo inapobadilishwa, tusitazame tu sababu iliyoandikwa kwenye karatasi. Tuulize nani ana uwezo wa kuitumia.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 13 Juni 2020, ligi yetu iliporejea baada ya kusimama tangu Machi, Mwadui waliikaribisha Yanga katika Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga, wakafungwa bao 1-0. Mwadui ni timu ya mgodi wa almasi aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Walipanda Ligi Kuu mwaka 2015, wakashuka mwisho wa msimu wa 2020-21. Kabla yao walikuwapo Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga. Hao walipanda mwaka 2014, wakapata udhamini wa kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na wakashuka msimu wa 2018-19. Kisha wakaja Geita Gold. Walipanda msimu wa 2021-22, wakashangaza wengi kwa kumaliza nafasi ya nne, na mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17. Misimu miwili baadaye, 2023-24, nao wakashuka.

Je, ni wachezaji watano wa akiba waliowashusha? Haki isemwe: hapana. Stand walishuka wakati wa wachezaji watatu. Geita walishika nafasi ya nne wakati wa watano. Na ubingwa ulikuwa umekwisha kuzoea kukaa Msimbazi na Jangwani kabla korona haijasikika. Anayesema sheria hii ndiyo iliyoleta pengo anaionea.

Lakini asiyeona kwamba inaweza kulipanua pengo hilo naye hatazami vizuri. Watu wa Geita wanaijua habari ya zamu. Mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000 huchimba usiku na mchana. Kundi moja likitoka, jingine linaingia. Mwenye duara dogo kule Nyarugusu hakukosa usiku. Alichokosa ni watu wa zamu ya pili na fedha ya kuwalipa. Kandanda ni hivyo hivyo. Geita Gold walipompata Mpole, walikuwa na mshambuliaji wa kuogopwa na kila mtu. Alipoondoka kwenda Lupopo ya Lubumbashi, hawakuwa na Mpole wa pili aliyekaa benchi.

Msikilizaji ataniuliza: basi si turudi kwa watatu? Hapana. Tazameni nani anayechoka zaidi. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa elfu moja, na timu isiyo na fedha huzimaliza ndani ya basi. Vijana hao wakishuka wakiwa na miguu iliyovimba, ndio hasa wanaohitaji kupumzishwa dakika ya sitini. Kuwanyima nafasi mbili za akiba ili kumkomoa tajiri ni kumwadhibu mgonjwa kwa sababu jirani yake ana dawa nyingi. Na kuongeza hadi saba au zaidi ni kumwongezea aliyeshiba.

Upande wangu ni huu. Watano wabaki, lakini katika ligi yetu nafasi ya nne na ya tano ziwe za vijana waliolelewa na klabu yenyewe, walioandikishwa katika timu yake ya vijana kwa miaka isiyopungua mitatu, ili tajiri asiende kuwanunua sokoni wiki moja kabla ya ligi kuanza. Yeyote anaweza kuwaingiza watu wazima watatu. Akitaka wa nne, amwite mtoto wake.

Ataumia nani? Klabu kubwa zitanung'unika, nami najua zina hoja: zinacheza mashindano ya Afrika, ambako hakuna atakayezihurumia. Lakini mashindano hayo yana kanuni zake, na huko wataendelea kutumia watano wanaowataka. Hapa nyumbani, watu wazima wanaokaa benchi mwaka mzima Dar es Salaam wakivaa vizibao tu wataona kwamba nafasi zimepungua. Wengine watafunga mizigo waje kucheza Kambarage na Nyankumbu. Na kijana wa Kishapu atajua kwamba kuna nafasi mbili kila mechi ambazo fedha haiwezi kumnyang'anya.

Haitoshi, najua. Kanuni haitajaza mafuta kwenye basi wala haitalipa mishahara mdhamini akiondoka. Tumeona katika ukanda huu wa almasi na dhahabu jinsi timu inavyopanda na kampuni na kuyumba bila kampuni. Madini tunayo. Lakini mdhamini anayemsajili mchezaji wa mwaka mmoja amenunua msimu mmoja, na anayelipia timu ya watoto amejaza benchi la miaka kumi. Wahenga walisema akiba haiozi. Kweli haiozi, lakini ni lazima kwanza mtu aiweke.

Siku zile za mchangani, aliyetutoa katika shida hakuwa mwamuzi aliyeruhusu mabadiliko zaidi. Alikuwa mzee mmoja, fundi viatu wa sokoni, aliyetuletea jozi tatu alizozikusanya kwa wateja walioshindwa kuzifuata. Tangu siku hiyo tulikuwa na benchi.