Kutoka Marufuku ya 1974 hadi Ithibati: Kuidhinishwa kwa Shahada za Teknolojia ya Habari katika Vyuo vya Umma Tanzania

Masimulizi ya shahada za teknolojia ya habari nchini Tanzania kwa kawaida huanzia kwenye Sera ya Taifa ya TEHAMA ya mwaka 2003. Mwanzo huo ni rahisi, lakini unaficha jambo. Kabla ya dola kuuliza ni nani athibitishe shahada ya kompyuta, iliwahi kuuliza kama kompyuta yenyewe iruhusiwe kuingia nchini. Insha hii inadai kwamba swali la kwanza liliacha alama katika namna swali la pili lilivyojibiwa.

Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilivurugika, na utegemezi kwa wataalamu wa kigeni ukadhihirika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali maalumu. Waandishi wengi wa leo huucheka uamuzi huo. Kicheko hicho ni cha haraka mno. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, chakula kilikuwa kikiagizwa kutoka nje, na kila shilingi ya fedha za kigeni ilikuwa na mdai wake. Kuhusu gharama, serikali haikukosea. Ilikosea kuhusu watu. Kasoro kubwa ilikuwa uhaba wa Watanzania walioielewa mashine, na dawa iliyochaguliwa ikauzidisha ugonjwa. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973. Hata mwaka wa pili haujaisha, chombo ambacho wahandisi kwingineko walikuwa wakijifunza kukitumia kikawa bidhaa ya kuombewa kibali. Vikwazo vilipolegea taratibu katika miaka ya 1980, upungufu uliobaki ulikuwa wa walimu, na mwalimu haagizwi bandarini.

Vyombo vya ithibati vilikuja baadaye. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1995 yaliunda baraza la ithibati ya elimu ya juu. Mwaka 1997 likaundwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi. Na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 ikaleta Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kukawa na milango miwili. Katika chuo kikuu, programu mpya hutoka idarani, hupita bodi ya kitivo au ndaki, Seneti na Baraza la Chuo, kisha hufika kwenye Tume. Vyuo vya umma visivyo vyuo vikuu, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, vilipitia mlango wa elimu ya ufundi, ambako shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 ya tuzo.

Hapa ndipo palipokuwa na uzito. Vyuo hivyo vilikuwa na desturi ya kutoa Stashahada ya Juu. Mhitimu wake alitumia miaka kama ya mwenzake wa chuo kikuu, lakini alipoomba kusoma shahada ya uzamili mara nyingi alitakiwa kwanza kupata stashahada ya uzamili. Kwa hiyo chuo kilipoomba shahada ya teknolojia ya habari, pamoja na somo jipya kiliomba pia wahitimu wake wasihesabiwe nusu ngazi chini.

Wathibitishaji huangalia walimu, maabara, maktaba na mahitaji ya soko. Kigezo cha mwisho ndicho dhaifu zaidi, kwani mwajiri huulizwa anachotaka leo kwa ajili ya kijana atakayehitimu baada ya miaka mitatu. Mtaala ulioidhinishwa mwaka 2006 uliandikwa katika nchi iliyotegemea setilaiti. Wanafunzi wake wa kwanza walihitimu mwaka 2009, na Julai mwaka huohuo mkongo wa SEACOM ukaanza kufanya kazi Dar es Salaam.

Limebaki suala la lugha, ambalo wanahistoria wa teknolojia hulipita haraka. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji watu wawili katika meza moja: anayejua programu na anayejua istilahi. Lakini shahada zilizoidhinishwa zilifundishwa kwa Kiingereza, na mtaalamu wa istilahi akabaki katika jengo jingine. Mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umegharimia mapitio ya mitaala na kuyafungua tena majalada haya. Ndani yake kuna nafasi ya kuamua ni idara ipi itakayowaandaa watu hao wawili pamoja.