Kabichi ya Chumvi: Tulipewa Mbegu, Hatukupewa Mtungi



Tukitaja Malindi, wengi wenu mnafikiria ile ya Mji Mkongwe karibu na bandari, na wengine ile ya Kenya. Malindi yetu iko juu ya milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Huku hatuna bahari, tuna baridi na kabichi.

Masika yakizidi, barabara ya kushuka Soni hadi Mombo huporomokewa na udongo na mawe. Lori likikosa kufika siku kadhaa, kabichi zilizokwisha kukatwa zinaoza. Tumewahi kuwapa ng'ombe mzigo ambao tulikuwa tumeuhesabia ada za watoto. Ndipo tukajiuliza: hao walioleta kabichi huku, wao walizihifadhi vipi?

Maana kabichi si zao la mababu. Wasambaa walijulikana kwa migomba. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walifika Mlalo, jirani zetu, wakajenga kituo na kukiita Hohenfriedeberg. Wakaja na walowezi, na Lushoto ikaitwa Wilhelmstal. Baridi ya huku iliwafaa, wakapanda mboga za kwao. Mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Mombo, na mazao ya mlimani yakapata njia ya kwenda pwani.

Kwao Ujerumani kabichi huvunwa kabla ya majira ya barafu. Waliikata nyembamba, wakaitia chumvi, wakaishindilia kwenye mitungi na kuila miezi ambayo shamba halitoi kitu. Wanaiita Sauerkraut. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Lushoto. Kabichi ikabaki shambani, lakini mtungi ule hatukuukuta jikoni kwa bibi zetu. Tunaona sababu yake ni nyepesi: huku mboga inalimwa karibu mwaka mzima, na kabichi tuliijua kama kitu cha kuuza, si cha kuweka.

Nyinyi watu wa bahari mtapenda hili. Mwaka 1768 nahodha Mwingereza James Cook alisafiri na shehena ya kabichi hiyo ili kuwakinga mabaharia na kiseyeye, maradhi ya kukosa vitamini C yanayotoa damu kwenye fizi. Mabaharia waliikataa. Akaamuru iwekwe kila siku mezani kwa maofisa, na wao waachiwe hiari. Walipoona wakubwa wanaila, wakaitaka wenyewe!

Wapo dada wanaotuuliza, "Kitu kilichochachuka si pombe hicho?" Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba uchachu wa maziwa una vijidudu vyake, mbali na hamira inayotengeneza pombe. Kabichi ya chumvi huchachuka kwa njia ya maziwa mgando. Hailevyi. Na siki, ambayo nayo ni kali, Mtume wetu (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo kizuri. Mwenye shaka bado amuulize shekhe wake.

Namna yake ni hii. Kwa kilo 1 ya kabichi chukua gramu 20 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chakula. Kata nyembamba, nyunyiza chumvi, kanda kwa mikono safi mpaka itoe maji mengi. Shindilia kwenye chupa ya kioo, maji yake yaifunike kabisa, kisha weka kizito kidogo juu isielee. Kifuniko usikikaze, kwani hewa inatoka. Kwa baridi yetu huchukua wiki mbili hadi tatu. Kwenye joto la visiwani anza kuonja siku ya nne, ikishakolea weka kwenye friji. Ikiota ukungu au ikinuka uozo, tupa yote. Wenye presha wale kidogo kwa sababu ya chumvi.

Kwa wali na maharage ni tamu, na mliozoea achari hamtaiona ngeni.

Sasa lori lisipokuja, hatuketi tena barabarani kushika tama. Tunatoa visu na chumvi. Si mzigo wote unaookoka, lakini chupa chache zikiuzwa ni daftari na sare za mtoto. Allah ndiye mtoa riziki, nasi ametupa mikono ya kuitunza isipotee.