Uozo, Vita na Moto: Historia ya Dawa za Kutuliza Uvimbe katika Tiba ya Sepsisi ya Bakteria

Makala haya yanafuatilia juhudi za kuitibu sepsisi kwa dawa zinazotuliza uvimbe, yaani dawa zinazoulenga mwitiko wa mwili wa mgonjwa badala ya kuwalenga bakteria wenyewe. Historia hiyo imekwisha kuandikwa na matabibu mara nyingi. Kinachodaiwa hapa ni kwamba hiyo ni historia ya lugha vilevile. Kila kizazi cha waganga kiliipa sepsisi sitiari yake, na sitiari hiyo ilichangia kuamua dawa ya aina gani itafutwe. Suala hili si la anasa kwa wanaisimu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba sepsisi ilihusishwa na vifo takribani milioni 11 duniani katika mwaka 2017, na nchi za kusini mwa Sahara zimo miongoni mwa zilizoumia zaidi. Hata hivyo Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya wodi nyingi za ukanda huu, hakijatulia juu ya jina la ugonjwa huo.

Kutoka uozo hadi vita

Neno sepsisi lina asili ya Kiyunani, na Hippocrates alilitumia kwa maana ya kuoza. Kuhusu uvimbe, Celsus wa Roma aliueleza katika karne ya kwanza kwa alama nne: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Hapa Kiswahili kina upungufu unaostahili kutajwa. Neno uvimbe limebeba alama moja tu kati ya hizo nne, tena hutumika hata kwa jipu na kwa saratani. Makala haya yanalitumia kwa kuwa ndilo lililozoeleka, lakini msomaji akumbuke kuwa joto na maumivu yamo ndani yake.

Ugonjwa ukiitwa uozo, dawa yake ni usafi. Semmelweis alisisitiza kunawa mikono huko Vienna mwaka 1847, na Lister alitangaza matumizi ya asidi ya kaboli katika upasuaji mwaka 1867. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer alieleza kwamba bakteria wa kipindupindu wana sumu iliyofungamana na miili yao, ambayo hubaki hata wakifa, akaiita endotoksini. Mwaka 1914 Hugo Schottmüller aliifafanua sepsisi kuwa hali ya vijidudu kuingia kwenye damu kutoka katika chanzo fulani mwilini na kuzusha dalili za ugonjwa. Uozo ukawa uvamizi. Penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, vita vilidhaniwa vimekwisha.

Havikuwa vimekwisha. Wagonjwa waliendelea kufa hata pale ambapo bakteria walikuwa wamekwisha kuuawa. Mwaka 1972 Lewis Thomas, tabibu na mwanainsha wa Marekani, aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba katika maradhi mengi hatari kubwa hutokana na ulinzi wa mwili wenyewe kuliko vijidudu. Ni nadra kwa insha fupi kuelekeza utafiti kiasi hicho.

Kuzima moto

Dawa ya kuanzia ilikuwa tayari. Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni mwaka 1948, na miaka miwili baadaye Hench, Kendall na Reichstein wakapata Tuzo ya Nobel. Kama steroidi hutuliza viungo vinavyowaka, kwa nini zisitulize mwili mzima? Mwaka 1976 William Schumer alichapisha matokeo ya wagonjwa 172 wenye mshtuko wa sepsisi. Miongoni mwa waliopewa maji ya chumvi walikufa asilimia 38.4, miongoni mwa waliopewa steroidi kwa dozi kubwa walikufa asilimia 10.4. Tofauti ya namna hiyo ingepaswa kuwashangaza watu zaidi ya ilivyowafurahisha. Mwaka 1987 majaribio mawili makubwa ya Marekani hayakuona faida yoyote, na katika mojawapo waliopewa steroidi walikufa zaidi kutokana na maambukizi mapya.

Sitiari ya moto haikuachwa. Kilichobadilishwa ni chombo cha kuuzimia. Mwaka 1985 Beutler, Milsark na Cerami walionyesha kwamba panya waliokingwa dhidi ya saitokini iitwayo TNF walistahimili endotoksini. Mwaka 1987 Tracey na wenzake waliwapa nyani kingamwili dhidi ya TNF saa mbili kabla ya kuwatia bakteria, nao wakanusurika. Maneno "saa mbili kabla" ndiyo yaliyosahaulika. Hakuna mgonjwa afikaye hospitali saa mbili kabla ya kuugua. Mwaka 1996 dawa moja ya kuinasa TNF ilijaribiwa kwa wagonjwa 141. Waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa asilimia 30, na waliopewa dozi ya juu kabisa asilimia 53. Saitokini iliyodhaniwa kuwa moto tu ilikuwa pia mlinzi.

Yaliyofuata yaweza kuelezwa kwa ufupi. Protini C iliyoamilishwa, inayozuia damu kuganda na kutuliza uvimbe, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 baada ya jaribio la wagonjwa 1,690, ikaondolewa sokoni mwaka 2011 jaribio jipya lilipokosa kuthibitisha faida. Eritorani, iliyobuniwa kuzuia endotoksini isitambuliwe na mwili, ilishindwa mwaka 2013. Steroidi zenyewe zilirudi kwa dozi ndogo. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa yalichapishwa: lile la Ufaransa, lililounganisha haidrokotisoni na fludrokotisoni, lilipunguza vifo kutoka asilimia 49.1 hadi 43.0, lile la haidrokotisoni peke yake, lenye wagonjwa 3,800, halikupunguza vifo, ingawa mshtuko uliondoka mapema zaidi.

Blantyre

Kwa Afrika Mashariki na Kati, sura yenye funzo zaidi ni ya jirani wa karibu wa sepsisi, yaani homa ya uti wa mgongo itokanayo na bakteria. Mwaka 2002 jaribio la Ulaya lenye watu wazima 301 lilionyesha kwamba deksamethasoni, ikianza kutolewa kabla au pamoja na dozi ya kwanza ya kiuavijasumu, ilipunguza vifo kutoka asilimia 15 hadi 7. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya watoto 602 wa Malawi. Waliopewa deksamethasoni walikufa asilimia 31, na wasiopewa asilimia 31. Mwaka 2007 yakafuata ya watu wazima 465 huko Blantyre, wengi mno kati yao wakiishi na virusi vya UKIMWI: vifo vilikuwa asilimia 56 kwa waliopewa dawa na asilimia 53 kwa wasiopewa.

Dawa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni miili iliyoipokea, umbali uliotembewa kabla ya kufika hospitali, na vijidudu vingine vilivyokwisha kutangulia mwilini. Sitiari ya moto haina mahali pa kuviweka vitu hivi, kwa sababu moto huhesabiwa kuwa sawa popote uwakapo.

Suala la jina

Mwaka 2016 wataalamu waliifafanua upya sepsisi kuwa hitilafu ya viungo vya mwili inayohatarisha maisha, isababishwayo na mwitiko wa mwili uliopotoka dhidi ya maambukizi. Katika fasili hii hamna uozo, vita wala moto. Kiswahili cha mitaani kinasema "sumu kwenye damu". Usemi huo unaeleweka upesi, lakini neno sumu huzaa swali papo hapo: ni nani aliyeitia? Mama aliyefiwa na mtoto mchanga hastahili kubebeshwa swali hilo. "Maambukizi ya damu" hayana ubaya huo, ila yanamtaja mvamizi na kumwacha mlinzi, yaani yanairudisha fasili hadi mwaka 1914. Hata vielezo vya shuleni vinavyoziita seli nyeupe "askari wa mwili" havisaidii hapa, isipokuwa kielezwe pia kuwa askari huweza kuiharibu nyumba anayoilinda.

Kwa hiyo inafaa neno sepsisi likopwe lilivyo, na maelezo yake yawe "mwili kujidhuru unapopambana na maambukizi". Maelezo hayo nayo yana hatari yake, nayo ni kwamba mgonjwa aliyeambiwa mwili wake unajidhuru aweza kuona kiuavijasumu hakina kazi tena. Maneno "unapopambana na maambukizi" yasikatwe kwa kutafuta ufupi, maana katika majaribio yote ya wagonjwa yaliyotajwa hapa dawa za kutuliza uvimbe zilitolewa pamoja na viuavijasumu, si badala yake.